Bembelezi za Kiyahudi: rekodi inayomfundisha mama kuimba

Nimezaliwa Tanga, nikaingia dini ya Kiyahudi kabla ya kuolewa hapa Chicago. Baba watoto alikulia kwenye nyimbo hizi. Mimi ilibidi nijifunze ukubwani, tena nikiwa na watoto wa kulaza. Ndiyo maana nilinunua rekodi hii ya bembelezi na kijitabu chake.

Kipimo changu ni kimoja. Sisi tunashika Sabato, kwa hiyo Ijumaa usiku hatuwashi redio wala simu. Rekodi ikinyamaza, je, mama anaweza kuendelea peke yake? Kwa hii, naweza. Tuni ni fupi, sauti ni ya mtu mmoja, na kila ubeti unarudiwa taratibu.

Tunaupenda zaidi wimbo wa malaika: Mikaeli kuume, Gabrieli kushoto, Urieli mbele, Rafaeli nyuma, na juu ya kichwa Shekhina, uwepo wa Mungu mwenyewe. Kitinda mimba wangu huonyesha kila upande kwa kidole. Alikuwa akiogopa giza sana, na maneno ya kwamba gizani hamna kitu hayakumsaidia hata kidogo. Sasa anawajua waliomzunguka, analala. Upo pia wimbo wa baraka ya Yakobo kwa Efraimu na Manase, Mwanzo 48:16, unaoimbwa polepole mno. Mzuri ajabu.

Nisichokipenda ni Shema, ungamo la imani yetu linaloanza kwa "Sikiza, Ee Israeli". Wameiwekea kinanda na kwaya! Hapo mimi huzima. "Sikiza, Ee Israeli" mtoto aitamke mwenyewe, kiganja machoni, mzazi yupo kando ya kitanda. Torati imeagiza maneno haya yanenwe ulalapo na uondokapo, Kumbukumbu la Torati 6:7, na sidhani kwaya inaweza kunenea mtoto.

Kijitabu nacho kina Kiebrania kisicho na alama za irabu. Aliyezaliwa nacho atasoma, mgeni kama mimi atakwama. Matamshi ya herufi za Kilatini yapo, ila yamechapwa madogo mno kwa taa ya chumbani.

Mwenye watoto wadogo anunue, hasa kama naye bado anajifunza. Wachapishaji wakitoa toleo jingine, waongeze Modeh Ani, shukrani ya kuamka, maana wanangu wakifumbua macho tu wanaidai.