Kupima moyo katika kliniki binafsi jijini Mbeya

Katika kliniki ndogo ya binafsi niliyompeleka mama yangu kupimwa moyo, nilichokithamini kuliko mashine ni maswali ya daktari. Mama anaishi Tukuyu, na alikuwa akinywa dawa za vidonda vya tumbo kwa sababu kifua kilikuwa kikimchoma na kumbana. Daktari alimwuliza, "Mama, kinabana ukiwa umekaa au ukitembea?" Akajibu kwamba kinabana akipanda mlima kutoka shambani, hasa asubuhi za baridi, na akisimama kidogo kinaachia. Jibu hilo ndilo lililomfanya daktari ashuku mishipa inayolisha moyo wenyewe: ikishakuwa myembamba kwa mafuta yaliyojijenga kwenye kuta zake, damu inayopita huweza kumtosha mtu aliyetulia, lakini haimtoshi anapopanda mlima, na baridi humwongezea moyo mzigo.

Kipimo cha ECG, yaani cha kurekodi umeme wa moyo, kilifanyika kwa staha. Muuguzi alivuta pazia, akaomba ruhusa, akabandika waya sita kifuani na nne mikononi na miguuni, na karatasi ikatoka haina hitilafu yoyote. Nilitarajia tuambiwe moyo ni mzima, turudi nyumbani. Badala yake daktari alitueleza kwamba ECG ya mtu aliyelala inaweza kuwa ya kawaida ilhali mshipa umeziba kwa sehemu, akaagiza vipimo vya sukari na lehemu (kolesteroli), akampima shinikizo la damu, kisha akaandika rufaa ya kipimo cha moyo kinachofanywa mgonjwa akitembea kwenye mashine. Alituambia pia kwamba kama itabidi mishipa ichunguzwe kwa mrija na dawa ya kuonyesha picha, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hufanya kazi hiyo.

Kasoro zipo. Bei hazikubandikwa popote, na ripoti iliandikwa kwa Kiingereza kitupu, jambo lisilomtendea haki mgonjwa anayetakiwa kuitunza. Hata hivyo, kwa maumivu yanayokuja na kuondoka, naipendekeza kliniki hii bila kusita. Mwenye maumivu ya kifua yasiyoachia hata akipumzika, hasa yakiambatana na jasho, kichefuchefu au kukosa pumzi, asipange foleni hapa. Awahishwe idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu.