Tuliamriwa tunyamaze katika filamu bubu

Ninaandika nikiwa bado na hasira, na msomaji anivumilie, kwa kuwa mahali penyewe ni pazuri kupita kiasi na aliyeniudhi ni mtu mmoja tu mwenye tochi.

Ukumbi huo, ambao sitautaja, ni mmoja wa yale majumba ya sinema na maonyesho ya jukwaani yaliyojengwa katikati ya miji ya Marekani katika miaka ya 1920. Dari yake imepakwa rangi ya anga la usiku na kutiwa vitaa vidogo mithili ya nyota, mtindo ambao mbunifu John Eberson aliueneza nchini humu. Mengi ya majumba ya namna hiyo yalibomolewa. Hata Fox ya Atlanta, iliyofunguliwa mwaka 1929, iliponea chupuchupu katika miaka ya 1970. Kwa hiyo niliponunua tiketi nilijiona nimechangia jambo jema, wala sikulalamikia ada ya huduma iliyoongezwa juu ya bei. Sasa ninailalamikia.

Nilimpeleka mama, ambaye amekuja kututembelea kutoka Unguja na hajui Kiingereza. Filamu ya treni ya Buster Keaton, ya mwaka 1926, niliichagua kwa makusudi kwa sababu ni bubu, na yale maandishi machache yanayojitokeza katikati ningemnong'oneza kwa Kiswahili. Mama si mgeni wa sinema: ujana wake aliumalizia Majestic ya Vuga, ile iliyojengwa upya mwaka 1955 baada ya jengo la awali kuungua, akitazama picha za Kihindi huku watu wakiimba pamoja na waigizaji.

Taa zilipozimwa, kinanda kikapanda kutoka shimoni mbele ya jukwaa, na mpigaji akiwa tayari ameketi. Hiki si kinanda cha kanisani. Ndani yake mna ngoma, kengele, filimbi, hata honi na vishindo vya kwato za farasi, vyote vikiendeshwa na mtu mmoja kwa mikono na miguu, kwa kuwa kilibuniwa kushika nafasi ya bendi nzima. Keaton alipoketi kwenye chuma kinachounganisha magurudumu ya treni, akawa anainuliwa na kushushwa bila kutambua, mama alicheka mpaka machozi.

Ndipo tochi ikatumulika usoni. Mhudumu, bila hata salamu, akatuambia tunyamaze au tutoke, kwani watu wamelipa kusikia filamu. Kusikia filamu bubu! Kinanda kinanguruma kiasi cha kutikisa viti, bwana wa nyuma yetu anatafuna bisi kama punda aliyefunguliwa mahindini, na kosa ni mnong'ono wa mtoto kwa mama yake. Nilimweleza kwa adabu kwamba mama hasomi Kiingereza. Akajibu kwamba hilo si tatizo la ukumbi. Mama, ambaye ukali aliuelewa bila tafsiri, akajivuta mtandio na kuniambia, "Basi mwanangu, usigombane na watu." Hakucheka tena mpaka mwisho.

Na ujinga wenyewe! Enzi za filamu bubu, kule Japani msimulizi aitwaye benshi alikaa kando ya skrini akieleza picha nzima kwa sauti, na wengine walikwenda kumsikiliza yeye kuliko kutazama waigizaji. Kwetu, Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya wamejipatia jina kwa kusimulia picha za kigeni kwa Kiswahili. Ukumbi unaojisifu kwa kutunza urithi wa sinema ungepaswa kuyajua haya kabla ya kumgawia mtu tochi.

Hata hivyo, siwezi kuwaambia msiende. Onyesho lilipokwisha, mpiga kinanda aliteremka kuamkia watazamaji, akamshika mama mkono kwa mikono yake miwili na kumwonyesha vitufe vya ngoma na vya kengele, na mama akabonyeza kimoja. Kwa ajili ya dakika hizo nilikuwa nimeandika nyota nne.

Jibu la uongozi kwa malalamiko yangu limenifikia nikiwa ninamalizia. Wanasikitikia usumbufu, na wananikumbusha kanuni ya utulivu ukumbini. Ninazishusha hadi mbili, na zote mbili ni za mpiga kinanda.