Fulana ya BONGO ya Kariakoo: chukueni, ila ile yenye bendera kagueni kwanza

Kuna duka moja la fulana pale Kariakoo linauzia insta, nimechukua mbili, moja nyeusi imeandikwa BONGO kifuani kwa njano, nyingine nyeupe ina TANZANIA na bendera chini yake, elfu 20 kila moja na hela ya boda juu yako.

Hii ya BONGO ni kali bana. Kotoni nzito, sio zile za kukutoa jasho kwenye daladala, nimeifua weee na maandishi hayajabanduka. Afu neno lenyewe linafanya kazi, ukivaa TANZANIA watu wanajua unaenda kwa Mkapa kuangalia Stars au umetoka semina, ukivaa BONGO unaitwa na watu usiowajua. Si ndo jina tulilojipa wenyewe, toka kwenye ubongo, kwamba Dar bila akili huishi, lilikuwa la jiji likaja kubeba nchi nzima na bongo fleva na bongo muvi na sisi Wabongo wenyewe, Wakenya nao wanatuita hivyohivyo na hakuna anayenuna. Kwangu huu uzalendo unazidi ule wa mabango maana umeme ukikatika mtu anasema "hii ndo Bongo", Stars wakishinda anasema hivyohivyo, ila sasa anacheka.

Usimpelekee zawadi mtu wa Unguja lakini. Kule Bongo ni huku bara, watakuuliza "umekuja lini kutoka Bongo?" na hiyo fulana umeivaa hapohapo.

Sasa ile ya TANZANIA... bendera wameigeuza jamani! Ule mstari mweusi unaanzia chini upande wa mlingoti unapanda juu, kijani inakaa juu huku mlingotini na bluu chini kule mwisho, wao wameuteremsha, sijui mchoraji alisimama nyuma ya bendera. Nikamwandikia muuzaji, kajibu "kaka si rangi zote zipo". Zipo ndio, ardhi, madini, watu na maji, hata mimi nilifundishwa shule, ila bado imegeuka. Kanibadilishia bila maneno mengi, hapo nampa maua yake.

AFCON 2027 tunaandaa na Kenya na Uganda, hizi zitachapwa kwa fujo, kwa hiyo omba picha ya mzigo wenyewe kabla hujatuma hela. Na wenye vitambi pandeni saizi moja, L yao ni M.