Epi-Otic kwa masikio ya mbwa: inavyofaa kwa wafugaji wa Mtwara na Lindi

Epi-Otic ni maji ya kusafishia masikio ya mbwa na paka yanayotengenezwa na Virbac, kampuni ya Ufaransa. Tunayapa nyota 4 kati ya 5. Nyota ya tano imepungua kwa sababu ya bei, na kwa sababu maduka mengi ya dawa za mifugo huku kusini rafu zake zimejaa dawa za kuku na ng'ombe. Asiyeyakuta dukani atalazimika kuagiza Dar es Salaam chupa ije kwa basi. Kabla ya kutoa hela, lieleweke jambo moja: haya ni maji ya kusafishia, hayatibu. Anayeyanunua ili yamponye mbwa anayetoka usaha sikioni atailaumu chupa bure.

Kazi yake inaeleweka ukijua kilichomo. Kuna asidi ya salisiliki, inayolainisha nta na kubandua magamba, na huliacha sikio kavu baadaye. Kuna dokusati, ambayo hufanya kazi ya sabuni: hupenya kwenye nta iliyogandana mpaka ikaachia. Kuna EDTA, inayodhoofisha baadhi ya bakteria, na kloroksilenoli ya kuua vijidudu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomo pia kwenye Dettol, na hapo ndipo watu wanapojidanganya kwamba Dettol ya kuogea nayo itafaa. Haifai hata ikichanganywa na maji. Dettol ina kloroksilenoli nyingi mno kwa ngozi ya ndani ya sikio, na juu yake ina mafuta ya msonobari na spiriti. Inaunguza.

Kwa pwani yetu, kinacholipiwa hasa ni ule ukavu. Kuanzia mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, hewa ya Mtwara na Lindi ina unyevu usiku na mchana, na mbwa wanaoshinda ufukweni Shangani au Mikindani huingia na kutoka majini wapendavyo. Maji yakituama sikioni, fangasi wa Malassezia, ambao kwa kawaida huishi hapo bila kuleta shida, huzaliana. Dalili ni uchafu wa kahawia wenye mafuta, harufu ya kuvunda na mbwa kujikuna mfululizo. Kumsafisha siku hiyohiyo aliyoogelea huzuia mengi.

Pamoja na hayo, mbwa wengi wa kienyeji hawahitaji chupa hii. Masikio yaliyosimama hupitisha hewa na hujisafisha yenyewe. Sikio la rangi ya waridi iliyofifia, lisilonuka, lenye nta kidogo tu, liache. Kusafisha kila siku huifanya ngozi ilowe na kuchubuka, ukawa umetengeneza ugonjwa kwa mikono yako. Wanaofaidika ni wenye masikio ya kulala, wenye nywele nyingi sikioni, waogeleaji, na wale ambao daktari wa mifugo ameagiza wasafishwe. Kwao mara moja kwa wiki, au baada ya kuoga, inatosha.

Ukaguzi uje kwanza, tena mchana mahali penye mwanga. Kunja sikio, tazama, nusa. Kupe hupenda sana kujificha masikioni. Mtoe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta taratibu moja kwa moja. Usimmwagie mafuta ya taa. Uchafu mweusi mkavu unaofanana na unga wa kahawa huashiria utitiri wa masikio, na huo huambukiza mbwa na paka wote wa nyumba. Epi-Otic itauondoa uchafu, lakini utitiri utabaki mpaka mnyama apewe dawa yake. Wengine hukimbilia ivermectin ya sindano ya ng'ombe. Kipimo cha ng'ombe kwa mbwa wa kilo 15 ni hatari, na mbwa wa jamii ya koli wanaweza kufa kwa dozi ambayo wengine huistahimili. Hilo mwachie daktari.

Ukikuta usaha wa njano au kijani, damu, harufu kali, sikio lililovimba kama mfuko, kichwa kilichoinamia upande mmoja, mwendo wa kuyumba, au mbwa anayelia ukigusa tu, usimimine kitu. Huenda ngoma ya sikio imetoboka. Maji yakipita hapo yanaweza kuharibu usikivu na mizani ya mwili, na hakuna njia ya kuiona ngoma ukiwa nyumbani bila kifaa cha daktari. Ule uvimbe wa mfuko nao ni damu iliyojikusanya baada ya mbwa kujikuna na kutikisa kichwa mno. Usiutoboe.

Vifaa ni vichache: chupa, pamba ya bunda au shashi, taulo kuukuu lisilotumika kwa kazi nyingine, glavu kwa anayependa kujikinga na mate ya mbwa, na vipande vya dagaa au nyama vya kumpongeza. Vijiti vya pamba usivitumie. Mfereji wa sikio la mbwa hushuka chini kwanza, kisha hukata kona kuelekea ngomani, mfano wa herufi L. Kijiti kinashindilia nta kwenye kona hiyo, na mbwa akishtuka kinachoma.

Mkalishe mbwa pembeni ya ukuta asirudi nyuma, mtu wa pili amshike kifuani. Kama kuna shaka ya kung'ata, mfunge mdomo kwa kipande cha kanga kwa dakika mbili tatu tu, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa kuhema na joto letu halina mzaha. Akiwa hana chanjo ya kichaa cha mbwa, chanjo itangulie. Aking'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Chupa isitoke kwenye friji moja kwa moja. Maji ya baridi humkera mbwa na yanaweza kumtia kizunguzungu. Vuta sikio juu na nyuma kidogo ili mfereji unyooke. Mimina mpaka uyaone maji yakijaa kwenye mdomo wa mfereji. Kwa mbwa wa kilo 12 hadi 18 hiyo ni kama mililita 3 hadi 5 kila sikio. Kosa tunaloliona zaidi ni ubahili: matone mawili matatu huishia juu, hayafiki kwenye kona ambako nta imelala. Sasa shika shina la sikio, pale chini unapohisi kitu kama bomba gumu, usugue taratibu kwa sekunde 30 hadi 60. Ukisikia maji yakichapachapa ndani, umepata. Usiposikia kitu, ongeza maji.

Kisha mwachie atikise kichwa, nawe ujikinge kwa taulo. Kutikisa huko ndiko kunakopandisha uchafu juu, kwa hiyo usimzuie. Zungusha pamba kwenye kidole, ufute mikunjo ya juu na mdomo wa mfereji, mwisho pale kidole kinapokoma. Badilisha pamba kwa kila sikio. Ikitoka chafu sana, rudia mara moja tu. Ukirudia zaidi ya hapo utachubua. Kama daktari ameandika dawa ya matone, subiri dakika 10 hadi 15 sikio likauke ndipo uiweke, la sivyo maji yaliyobaki yataizimua.

Wekundu kidogo unaotoweka baada ya nusu saa si tatizo. Mbwa akiendelea kujikuna kesho yake, au sikio likabaki jekundu na la moto, acha kutumia. Ama ngozi imeikataa, ama kulikuwa na kidonda hukukiona, na asidi kwenye kidonda huwasha vibaya.

Kati ya vitu vya bei nafuu, kinachostahili kutajwa ni maji ya chumvi ya hospitali ya asilimia 0.9, yanayopatikana duka la dawa. Ni salama kwa kufuta vumbi na mchanga wa pwani, ila hayayeyushi nta na hayakaushi, kwa hiyo kwa muogeleaji hayasaidii kitu. Mafuta ya nazi hulainisha uchafu wa nje lakini yakiingia ndani yanabaki, na fangasi wale hustawi penye mafuta. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huunguza. Salfa ya mikorosho, ule unga wa kuzuia ukungu, ambayo wengine huichanganya na mafuta kupaka mbwa wenye upele, isikaribie sikio hata kidogo. Wakati wa kupuliza salfa, mbwa wa shambani afungwe mbali na mashine; vumbi lake huwasha macho na masikio.

Kuhusu bei, gawanya badala ya kuitazama chupa nzima. Chupa ya mililita 125, ikitumika mililita 4 kila sikio, hutoka mara 15 hivi, yaani miezi mitatu na zaidi kwa anayesafisha kila wiki. Kwa mbwa mmoja mwenye masikio ya kulala, hilo tunaliona halali. Kwa mwenye mbwa watano wa ulinzi wenye masikio yaliyosimama, hela hiyo iende kwenye chanjo na dawa ya kupe.

Ukipokea chupa iliyosafiri kwa basi, angalia kama kifuniko kimefungwa na tarehe ya mwisho haijapita. Iweke kivulini, isikae kwenye gari wala dirishani. Mdomo wa chupa usiguse sikio. Ukigusa, ufute kwa pamba yenye spiriti na uache ukauke kabla ya kufunga, maana vinginevyo utahamisha vijidudu vya sikio la kushoto kwenda la kulia, na vya Jumamosi hii kwenda Jumamosi ijayo.