Gambuti za Ngamiani, kutoka Tanga mpaka vidimbwi vya Dakota

Gambuti hizi nilizinunua Ngamiani, kwenye duka la vifaa vya shamba ambalo sitalitaja, na sababu mtaiona huko mbele. Muuzaji alianzia 35,000, tukaachana kwenye 28,000. Nyeusi, soli ya njano, zinaishia vidole vinne chini ya goti. Kijana akaniuliza, "Dada, unalima mpunga?" Nikamwambia nakwenda Marekani kukagua mafunjo. Akacheka mpaka akaniongezea soksi za bure.

Sikuwa namtania. Nilikuwa nimepata miezi miwili ya kusaidia kazi ya kuainisha mimea ya ardhi oevu karibu na Jamestown, Dakota Kaskazini. Nchi ile ni mbuga ya nyasi iliyojaa vidimbwi vilivyoachwa na barafu kuu ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Ukisimama ukingoni unaona mimea imejipanga kama pete: nje nyasi za mbuga, kisha nyasi za mahali penye unyevu, kisha mimea ya maji mafupi, na katikati kwenye kina mafunjo yanayokupita urefu, pamoja na zile Typha zenye kichwa kama mshikaki uliosahaulika jikoni.

Mwongozo wetu wa kupanga vidimbwi kwa madaraja ulikuwa wa Stewart na Kantrud, wa mwaka 1971. Kidimbwi hupewa daraja kwa kuangalia ukanda wa mimea uliokaa sehemu yake yenye kina zaidi, mradi ukanda huo uwe umeshika angalau asilimia 5 ya eneo lote. Ukiishia pembeni unaweza kuandika daraja la 3, yaani kidimbwi cha msimu, kumbe katikati kuna ukanda wa maji marefu na hilo ni daraja la 4. Kwa hiyo urefu wa gambuti yako unaingia kwenye jibu.

Na kutazama kwa mbali hakusaidii, maana mafunjo ya kule ukiwa mbali yote ni fimbo za kijani tu. Lazima ulifikie shina na kulikata. Nilikuwa na wembe wa kawaida. Nakata kipande chembamba, nakiinua juani. Schoenoplectus acutus, mmoja wa mafunjo hayo, ana shina gumu lenye matundu madogo ya hewa, ukilibana kwa vidole linakataa. Ndugu yake, Schoenoplectus tabernaemontani, matundu yake ni makubwa, ukimbana anabonyea kama andazi la moto. Schoenoplectus pungens ana shina la pembe tatu, hata gizani utamjua kwa kulizungusha vidoleni. Bolboschoenus maritimus naye ni wa pembe tatu, ila ana majani ya kutosha, na ukimkuta ameshika katikati ya kidimbwi jua maji yale yana chumvi. Huyo nilimzoea upesi. Mtu aliyekulia Tanga, akapita kwenye mashamba ya chumvi tangu mtoto, haendi kushangaa mmea wa chumvi. Kilichonitesa ni majina: mwongozo wa 1971 unawaita wote hawa kwa jina lao la zamani, Scirpus, na jioni yangu ya kwanza yote iliishia kumtafuta mtu aliyekwishahama nyumba.

Sasa gambuti zenyewe. Kwenye tope ni nzuri kweli. Meno ya soli yana kina, hayatelezi, na mpira wa mbele ni mnene kiasi kwamba mabua makavu hayakuwahi kuutoboa. Lakini mdomo wake ni mpana mno. Siku ya tano nilimfuata acutus mmoja hatua mbili zaidi ya nilivyopaswa, maji yakaingia kwa juu, kila mguu ukawa ndoo. Kitambaa cha ndani kikichukua maji hakikauki chini ya siku mbili. Wenzangu walikuwa na suruali za mpira zinazofika kifuani. Wakaniazima moja, na gambuti zangu zikabaki kuwa za pete za nje.

Wiki ya sita ukatokea ufa kwenye mkunjo wa kifundo, mguu wa kushoto. Niliporudi Tanga nikazipeleka dukani. Yule yule kijana akazigeuza mara moja, akaniambia, "Dada, mali ikishavuka bahari hairudi." Soksi zenyewe zilikuwa zimetoboka zamani.

Nikazipeleka Makorora, kwa mzee mmoja anayeziba pancha za baiskeli. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, lete tuone." Akasugua kwa msasa mpaka mpira ukapauka, akapaka solusheni, akasubiri ikauke kidogo, akabandika kipande cha tyubu kilichouzidi ufa kila upande, akakigongagonga kwa nyundo ndogo. Kisha akaijaza gambuti maji, akaining'iniza kwenye usukani wa baiskeli ya mteja mwingine, na sisi tukanywa kahawa na kashata huku tunaitazama. Haikutoa hata tone. Akanidai 1,500.

Tangu hapo nimezivaa mara nyingi kwenye matete ya kando ya mto Mkulumuzi, kiraka kinashika. Gambuti nazipa nyota tatu, duka moja, fundi tano.

Ukizitaka, chukua namba moja zaidi ya yako, uvae soksi mbili. Mimi nilichukua mbili zaidi, na tope likinyonya ninabaki nimesimama na soksi. Ukikwama, toa kisigino kwanza, vidole baadaye. Na kama unakwenda kukata mashina, funga wembe kwa kamba mkononi. Wangu wa kwanza uko chini ya kidimbwi cha daraja la 4.