Diski ya nje ya DJ wa shughuli: ipi ununue Dar, ipi uiache dukani

Kama mfuko unakuruhusu kununua diski moja ya TB 4, usiinunue. Chukua mbili ndogo: moja ya kazi, nyingine ya kukaa nyumbani na kopi ya kila kitu. Ushauri wote unaofuata unasimama juu ya hilo, maana hakuna diski isiyokufa, na mteja aliyekupa advansi ya harusi hatasikiliza habari za diski.

Kazi ya DJ wa shughuli hapa mjini ina vurugu zake. Leo sendofu Sinza, kesho kicheni pati Segerea, Jumamosi ukumbi Mbagala, na katikati ya wiki kuna mtu wa Manzese anataka kigodoro. Vyombo vinapanda Noah, Noah ikikosekana vinapanda bajaji. Umeme wa TANESCO ukikata, jenereta inawashwa. Laptopu iko kwenye meza ya plastiki, na sabufa iko hatua mbili tu kutoka hapo. Diski inayomtosha mhasibu wa Posta miaka mitano inaweza isimalize msimu mmoja kwenye mazingira haya. Kwa hiyo sikupanga kwa kasi wala kwa ukubwa. Nimepanga kwa kuangalia ipi haitakuangusha wakati maharusi wanaingia ukumbini.

Piga hesabu ya nafasi kwanza

MP3 ya kbps 320 inakula karibu MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika tano ni kama MB 12. TB 1 inabeba nyimbo zaidi ya 80,000 za namna hiyo, na sijui nani atazipiga zote. WAV ya ubora wa CD inakula karibu MB 10 kwa dakika, hapo TB 1 inashuka mpaka nyimbo 20,000 hivi. Kinachomaliza nafasi ni video, na siku hizi baa na kumbi nyingi zina skrini, watu wanataka kumwona msanii. Video ikiwa na MB 100, TB 1 inabeba kama 10,000.

Anayepiga sauti tupu, GB 500 inamtosha na kubaki. Anayepiga video achukue TB 1. TB 2 ni ya yule mwenye singeli, taarabu, injili na zilipendwa, zote kwa video. Na Windows ikikuonyesha GB 931 kwenye diski iliyoandikwa TB 1, usirudi dukani kugombana. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.

1. SSD ya kubebeka, ya kampuni inayojulikana

Hii ndiyo ya kazini. Samsung T7, T7 Shield na SanDisk Extreme Portable ndizo za kuulizia kwanza. Kasi inayotangazwa kwenye boksi, MB 1,050 kwa sekunde, isikupumbaze: wimbo wa kbps 320 unahitaji KB 40 tu kwa sekunde, hata diski ya zamani inaumudu. Unacholipia ni kwamba ndani hakuna kitu kinachozunguka. Ikianguka kutoka mezani, ikitikiswa na besi, ikipigwa na mashimo ya barabarani, haina sindano ya kukwaruza sahani. Pia programu ikitafuta wimbo katikati ya maelfu, jibu linakuja hapohapo.

Kati ya hizo, T7 Shield naiona inafaa zaidi kwa sababu ya gamba lake la mpira na kiwango cha IP65, yaani vumbi haliingii na maji ya kurushiwa hayaidhuru. Soda iliyomwagika meza kuu haitaiua. T7 ya kawaida ni chuma kitupu, nzuri tu kwa mtu mwenye begi la maana. Kuhusu SanDisk kuna jambo la kujua: mwaka 2023 baadhi ya Extreme na Extreme Pro, hasa za TB 4, zilikuwa zikipotea ghafla kwenye kompyuta pamoja na data yake, na Western Digital, iliyokuwa ikimiliki SanDisk wakati huo, ikalazimika kutoa sasisho la programu ya ndani ya diski. Ukikutana na iliyokaa dukani muda mrefu, angalia kama inahitaji sasisho hilo kabla hujaweka hata wimbo mmoja.

Kwa ukubwa uleule, SSD ni ghali kuliko diski ya kuzunguka, mara nyingi karibu mara mbili. Ndiyo maana nasema ya kazi iwe ndogo.

2. SSD ya ndani kwenye kasha la USB

Pesa ikibana, hii ndiyo njia ya wajanja. Unanunua SSD ya laptopu ya inchi 2.5, unanunua kasha lake la USB 3, unaichomeka mwenyewe kwa dakika mbili. Inafika kama MB 500 kwa sekunde, zinazidi mahitaji yako. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kasha likifa unabadilisha kasha, nyimbo zako zimo palepale. Kwenye hizi za kiwandani, mara nyingi saketi ya USB na chipu za kuhifadhia vimeungwa kwenye ubao mmoja.

Zile ndogo nyembamba za NVMe ni za kasi zaidi lakini zinachemka, na kwa joto la Januari ndani ya hema lisilo na upepo sioni sababu ya kujitafutia hilo. Ukizitaka, kasha liwe la alumini.

3. Hard disk ya kubebeka (ya kuzunguka)

WD Elements, WD My Passport, Seagate Expansion, Toshiba Canvio: zote hizi ni diski nzuri, na kila DJ anatakiwa kuwa nayo moja, kabatini kwake. Kwa bei ya SSD ya TB 1 unaweza kupata ya TB 2 na kuweka kopi ya makusanyo yote. Kwa kuhifadhi muda mrefu bila kuchomekwa naiamini kuliko SSD, kwa kuwa SSD ikikaa muda mrefu mno bila umeme inaweza kupoteza data.

Matatizo yanaanza ukiipeleka kazini. La kwanza ni mtikisiko. Mwaka 2022 Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, alisimulia jinsi kampuni moja ya laptopu ilivyogundua kwamba video ya "Rhythm Nation" ya Janet Jackson ilikuwa ikizimisha baadhi ya laptopu, hata ile iliyokuwa jirani tu bila kupiga wimbo huo. Ndani ya wimbo kulikuwa na mawimbi ya sauti yaliyolingana na mtetemo wa asili wa diski za mizunguko 5,400 kwa dakika zilizokuwa kwenye laptopu hizo. Ilikuwa spika ya laptopu tu. Sasa fikiria sabufa mbili za inchi 18 na singeli. Ukilazimika kuitumia, isikae juu ya spika wala kwenye jukwaa la mbao, na chini yake weka sponji.

La pili wengi hawalijui mpaka liwakute. Mshenga anaongea, mjomba anaongea, kamati inatoa zawadi, nusu saa nzima hupigi kitu. Diski inalala. Unapotaka wimbo wa kuwatoa maharusi, inaamka polepole, programu inaganda sekunde kadhaa na ukumbi mzima unakutazama. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows kuna sehemu ya kuzima diski baada ya dakika fulani. Iweke isizime kabisa, na uzuie pia USB kupumzishwa. Bado kuna diski zinazolala zenyewe bila kuuliza Windows.

La tatu ni waya. Geuza diski uangalie tundu lake: nyingi za aina hii zina lile tundu bapa, pana, lenye vyumba viwili kimoja kikubwa kimoja kidogo. Plagi yake ni fupi na haishiki. Baada ya kuchomoa na kuchomeka kwa miezi, inaanza kucheza, ukigusa waya tu diski inapotea. Dukani ichomeke, kisha tikisa waya taratibu kwa kidole huku faili linanakiliwa. Likikatika, rudisha. Na usiichomeke kwenye habu isiyo na umeme wake pamoja na kontrola na mausi. Mlango wa USB 2.0 unatoa miliampia 500 tu, diski ikikosa nguvu inalia tik-tik na haiwaki.

Zile kubwa za inchi 3.5 zenye adapta yake zibaki nyumbani moja kwa moja. Umeme ukikatika laptopu ina betri, zenyewe hazina.

4. Diski ya laptopu kuukuu iliyotiwa kasha

Ziko nyingi Kariakoo na kwa mafundi wa kila mtaa. Ni za kuhifadhia kopi ya tatu, basi. Kabla ya kulipa omba kuichomeka kwenye laptopu yako na ufungue CrystalDiskInfo, programu ya bure. Angalia saa ilizofanya kazi: saa 30,000 ni zaidi ya miaka mitatu bila kuzimwa, pengine ilikuwa kwenye mashine ya kamera za ulinzi. Kisha angalia sekta, yaani vipande vya diski, zilizoharibika zikahamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Zikizidi sifuri, muuzaji hata aseme nini, "Kaka, hii orijino, chukua tu," wewe mshukuru uondoke. Kipimo hichohicho kitumie kwa "mpya" iliyofungwa kwenye boksi. Mpya ina saa chache sana, si mia nane.

5. Flashi

Flashi ya kuendeshea shughuli nzima ni kujitafutia aibu. Lakini flashi moja ya GB 64 mfukoni, yenye nyimbo za kuingilia, za keki, za kufungulia muziki na saa mbili za dansi, ni kitu cha lazima. Laptopu ikigoma, unaichomeka kwenye mixa au kwenye spika yenyewe, watu wanaendelea kula.

Zisizo na nafasi

SSD za TB 8 au TB 16, ndogo kama kiberiti, bei ya chini ya flashi. Kwa bei hiyo hazipo. Mara nyingi ndani kuna memori kadi ndogo iliyodanganywa ijitangaze kubwa. Ukijaza zaidi ya uwezo wake, baadhi ya nyimbo zinapotea kimyakimya huku majina ya faili yakibaki. Programu ya H2testw inaijaza diski nzima na kusoma tena kila kitu, ndiyo inayoumbua. Inachukua saa kadhaa, kwa hiyo ifanye nyumbani siku ileile ya kununua, huku risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) iko mkononi. Duka linalokwepa risiti hiyo Samora au Kariakoo, wewe likwepe pia. Bila karatasi hakuna waranti ya kudai.

Siku ya kwanza nayo

Diski ina fomati, yaani namna ya kupanga faili ndani yake. Ukitumia Windows peke yake, fomati NTFS. Ukichanganya na Mac, exFAT, lakini hapo usichomoe kabla ya kubonyeza kutoa salama, exFAT haisamehe. Anayepiga pia klabu kwenye CDJ (zile pleya za Pioneer) aandae flashi tofauti ya FAT32: CDJ-2000NXS2 haisomi NTFS wala exFAT, na FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4. Nyimbo zikishaingia, fungua Disk Management uipe diski herufi ya mbali, M au S. Ukiiacha ijichagulie, leo itakuwa E, kesho flashi ya MC ikitangulia itakuwa F, na programu yako ya DJ, kama rekordbox, itakuonyesha kwamba nyimbo zako zote hazionekani.