Pikipiki kubwa ya safari kwa mtu wa Unguja na Pemba: injini ya mbio inafaa?

Inafaa, lakini ikishapangwa upya kwa kazi ya safari, na si zote zinazopangika vizuri. Usianze kusoma tangazo kwa nguvu za farasi. Uliza injini inavutaje chini ya mizunguko 5,000 kwa dakika, maana huko ndiko utakakoshinda, kuanzia Darajani hadi Nungwi na matuta yake yote, au Chake Chake hadi Konde. Mizunguko 11,000 utaipatia wapi?

Chukua mfano wa pistoni. BMW S1000XR na Yamaha Ténéré 700 zina silinda za kipenyo kimoja, mm 80. Ya BMW, ambayo asili yake ni S1000RR ya mbio, pistoni inapanda na kushuka mm 49.7 tu. Ya Yamaha inakwenda mm 68.6. Mwendo mfupi unaiwezesha injini kuzunguka kwa kasi kubwa bila kujiumiza, lakini uvutaji wake mzito unakaa juu: BMW inafikia kilele cha Nm 114 kwenye mizunguko 9,250, Yamaha Nm 68 kwenye 6,500. Si kwamba silinda nne za cc 999 ni dhaifu huku chini. Tatizo ni gia ya kwanza ndefu. Kwenye mchanga wa Jambiani unakwenda polepole kuliko gia inavyotaka, unashikilia klachi nusu, na baada ya muda klachi inanuka na feni haizimi.

Kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, nayo ina neno lake. Injini ya mbio huacha valvu za kuingiza na za kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu, jambo linalosaidia kwenye kasi ya juu. Kwenye mwendo wa chini, moshi unachanganyika na petroli mpya, na pikipiki inashtuka-shtuka. Ducati walipoitoa injini ya 1198, pikipiki yao ya kimichezo, na kuitia kwenye Multistrada 1200 ya mwaka 2010, walipunguza muda huo kutoka nyuzi 41 hadi 11 za mzunguko wa injini. Hayo ndiyo mabadiliko ya kweli. Kibandiko cha safari ubavuni hakibadilishi kitu.

Nambari moja tunaipa Suzuki V-Strom 650. Injini ni ya SV650, pikipiki ya Suzuki ya barabarani: silinda mbili zilizopangwa kwa V ya nyuzi 90, cc 645, iliyotulizwa ili ivute chini na katikati. Matoleo ya kabla ya 2012 yana tangi la lita 22. Kwa km 20 kwa lita, ukishuka Tanga kutoka Pemba unafika Dar es Salaam bila kutia mafuta. Rimu ni za kumimina, tairi hazina tyubu, kwa hiyo pancha unaiziba kwa nje bila kufungua gurudumu. Kasoro yake kubwa iko mbele: chujio la oili na bomba la ekzosi vinatazamana na mawe yanayorushwa na tairi, na mawe ya kwetu ni makali. Kabla ya boksi za mizigo, nunua bamba la kukinga tumbo la injini. Pia kuna kitundu cha kutolea maji penye plagi ya silinda ya mbele. Kikizibwa na tope, masika yakiingia silinda hiyo inakata moto. Kizibue kwa waya mwembamba.

Tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya kamshafti na valvu, zipimwe kila km 24,000, injini ikiwa baridi: kuingiza mm 0.10 hadi 0.20, kutoa mm 0.20 hadi 0.30. Muuzaji akikwambia “haigongi, iko sawa,” usikubali. Tapeti iliyobana haigongi kabisa. Inaunguza valvu kimya kimya.

Ya pili ni Ténéré 700. Injini yake ilitoka MT-07 ya barabarani, kisha ikapelekwa kwenye R7 ya kimichezo, yaani safari ya kinyume. Kwa kifusi na mchanga inaishinda V-Strom, gurudumu la mbele likiwa la inchi 21. Inashuka daraja kwa sababu ya bei, kiti kilicho juu na tairi za tyubu.

Honda Africa Twin ya cc 998 ni ya tatu. Injini yake haikutoka kwenye pikipiki ya mbio za lami, na mgandamizo wake wa 10.0 kwa 1 hausumbuki na petroli ya kawaida. Kagua spoki: matoleo ya 2016 yanajulikana kwa kutu, na hewa ya chumvi haina huruma.

Multistrada V4 ni ya nne. Ni injini ya mbio iliyofanyiwa kazi vizuri kuliko zote hapa: valvu za springi zinazokaguliwa kila km 60,000, na silinda mbili za nyuma huzimika ukisimama, joto lipungue. Lakini mgandamizo ni 14.0 kwa 1, hivyo petroli ya kawaida inaweza kuusumbua, na fundi mwenye kompyuta yake humpati karibu. S1000XR tunaiweka mwisho. Hiyo ni ya lami tupu.

Na kama huvuki bahari? Unguja ina urefu wa takriban km 85. Honda XR250 Baja, silinda moja inayopozwa kwa upepo, inatosha na kubaki.

Yoyote utakayoichagua, iwashe ikiwa baridi. Ukikuta muuzaji ameshaipasha moto, rudi siku nyingine. Yenye feni (XR250 haina) iache ingurume mpaka feni iwake yenyewe, isipowaka, usiendelee. Izime, subiri dakika tano, iwashe tena. Kisha iendeshe gia ya pili kwenye mizunguko 2,500, fungua mafuta taratibu, usikilize kama inashtuka. Pitisha ukucha kwenye nguzo za shokomzoba za mbele: vishimo vya kutu hukata sili zinazozuia oili. Mwisho, pima betri. Injini ikiwa imezimwa iwe karibu volti 12.6, kwenye mizunguko 5,000 iwe kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12, regyuleta (kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji) au koili ya kuchajia imekufa, na gharama hiyo ikatwe kwenye bei kabla hujatoa hata shilingi.